Ng'ombe wamechanjwa ndigana kali, mbona wamekufa? Jibu kwa mfugaji anayepakana na nyati

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa Karatu, na shamba letu linapakana na msitu wa hifadhi upande wa Ngorongoro. Mwaka jana nilichanja ng'ombe wangu wote dhidi ya ndigana kali, ule ugonjwa unaoenezwa na kupe, wakavishwa hereni za kuonyesha kwamba wamechanjwa. Masika haya, mashamba yalipopandwa tukakosa mahali pa kulishia, tuliwapeleka ukingoni mwa msitu ambako nyati hushuka usiku. Baada ya wiki mbili hivi mitamba wawili chotara walipata homa, mitoki (tezi) ya chini ya masikio ikavimba, wakapumua kwa shida na kutoa povu puani. Tuliwachoma antibiotiki ya OTC lakini walikufa wote wawili. Ng'ombe mmoja wa kienyeji aliugua akapona. Jirani ananiambia nilichanjiwa chanjo feki. Sasa yupo mwingine ambaye fizi zimekuwa nyeupe na kinyesi ni kigumu, ila mitoki haijavimba. Je, nirudie chanjo? Kuogesha kwa dawa ya kupe mara moja kwa wiki kunatosha? Na hao wanyamapori, mbona wao hawaugui?

Jibu: Marahaba, ndugu, na pole sana kwa hasara hiyo. Nitaanza na ng'ombe aliye hai, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri kidogo.

Fizi nyeupe, kinyesi kigumu na mitoki ya kawaida haviashirii ndigana kali. Dalili hizo zinaelekea zaidi kwenye ndigana baridi, ugonjwa unaoletwa na Anaplasma marginale, ambayo kwa hakika ni bakteria ingawa tangu zamani imekuwa ikihesabiwa pamoja na vimelea vya damu, kwa kuwa huishi ndani ya chembe nyekundu na kuzifanya ziondolewe mwilini kwa wingi. Angalia mkojo wake leo hii. Ukiwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, basi fikiria ugonjwa wa kukojoa damu, yaani babesia, ambao dawa zake ni diminazini au imidokabu. Mkojo ukiwa wa kawaida au wa njano iliyokolea, na ngozi laini ya uke au weupe wa macho ukianza kuwa na umanjano, uwezekano wa ndigana baridi unazidi. Hapa ndipo OTC, yaani oksitetrasaiklini, inapofanya kazi yake vizuri, hasa ile ya muda mrefu kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Usimswage kwenda josho wala malishoni, kwani ng'ombe aliyepungukiwa damu kiasi hicho anaweza kuanguka na kufa njiani kwa kukimbizwa tu. Mwache kivulini, umletee maji na majani hapo hapo.

Nakuomba pia ukumbuke kama siku mlipowachoma sindano wale mitamba mlitumia sindano ileile kwa ng'ombe wengine. Ndigana baridi huenezwa na kupe, hasa kupe bluu, lakini huenezwa vilevile na nzi wanaouma na kwa sindano yenye damu inayopita kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Dalili huchukua wiki kadhaa kujitokeza tangu siku ya maambukizi, kwa hiyo mfugaji mara nyingi haunganishi mambo hayo mawili.

Sasa tuje kwa mitamba. Homa, mitoki kuvimba kuanzia ile iliyo chini ya sikio, kisha mapafu kujaa maji hadi povu kutoka puani, ndiyo sura ya ndigana kali, na sababu yake ni kimelea kiitwacho Theileria parva. Kuthibitisha kungehitaji majimaji ya mtoki yaliyopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, lakini ukiweka dalili hizo pamoja na mahali mlipolisha, na pamoja na ukweli kwamba ng'ombe walikuwa wamechanjwa, mimi sina shaka kubwa kwamba walipata ndigana kali inayotoka kwa nyati. Jirani yako anaweza kuwa anaihukumu chanjo bure. Chanjo inaweza kuwa ilikuwa halali, ikahifadhiwa ipasavyo, ikachomwa na mtu anayejua kazi yake, na bado mitamba wakafa, kwa sababu inawakinga ng'ombe dhidi ya vimelea vilivyozoea kuhama kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, na inawakinga kidogo mno dhidi ya vile ambavyo nyati amevibeba.

Ili jambo hili lieleweke inabidi tufuate safari ya kimelea. Anayekieneza ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni, Rhipicephalus appendiculatus. Kupe huyu hunyonya mara tatu tu maishani mwake: akiwa buu mwenye miguu sita, akiwa kijana, na akiwa mzima, na kila mara akishiba hudondoka kwenye nyasi, akajibadilisha, kisha akamsubiri mnyama mwingine. Akinyonya damu yenye vimelea akiwa buu, ataviambukiza akiwa kijana. Akivipata akiwa kijana, ataviambukiza akiwa mzima. Mayai yake hayarithi maambukizi, tofauti na kupe bluu ambaye hurithisha vimelea vya babesia kwa wanawe kupitia mayai. Kupe kijana anaweza kunyonya nyati wakati wa kiangazi, akajibadilisha kuwa mzima na kujificha chini ya nyasi, na mvua zinapoanza akapanda juu ya jani na kumngoja yeyote apitaye. Kwa hiyo kupe waliowaua mitamba wako huenda walishiba kwa nyati miezi mingi kabla hujafikiria kupeleka mifugo upande ule, na kutomwona nyati hata mmoja siku mnayolisha si kinga, kwa kuwa kupe mzima ambaye hajanyonya anaweza kuvumilia bila chakula kwa zaidi ya mwaka.

Kupe akishajishika sikioni, vimelea vilivyo kwenye tezi zake za mate huwa havijakomaa. Vinahitaji takriban siku tatu hadi nne za kunyonya ndipo viwe tayari kuingia mwilini mwa ng'ombe. Ushike sana muda huo, maana mpangilio wako wote wa kuogesha utategemea hapo. Vikishaingia huvamia seli nyeupe za damu, zile za ulinzi, na kuzifanya zigawanyike bila kikomo. Kimelea hujishikiza kwenye mitambo ya seli ya kujigawa, hivyo kila seli inapokuwa mbili na kimelea nacho huwa viwili. Tabia hiyo inafanana na saratani kiasi kwamba wanasayansi wa saratani wamekuwa wakiichunguza kwa miaka mingi, na cha ajabu ni kwamba dawa ikikiua kimelea seli hurudi katika hali yake ya kawaida. Mitoki huvimba kwa sababu hiyo, na mapafu hujaa maji kwa sababu hiyo hiyo.

Nyati wa Afrika ndiye mwenyeji wa asili wa kimelea hiki. Ndama wa nyati huambukizwa katika miezi ya mwanzo ya maisha, haugui kwa namna inayoonekana, na hubaki na vimelea maisha yake yote. Katika maeneo yenye kupe kahawia, nyati wazima karibu wote wanavyo. Ng'ombe walipofika sehemu hizi za Afrika walimkuta kupe na kimelea wakiwa wameshazoeana na nyati kwa muda mrefu mno. Baadhi ya vimelea vikajizoesha kuishi kwa ng'ombe, navyo ndivyo vinavyoleta ndigana kali ya kawaida, lakini idadi kubwa na yenye aina nyingi zaidi imebaki kwa nyati. Hivi vya nyati vikiingia kwa ng'ombe humuua haraka, mara nyingi kabla hata havijafika kwa wingi kwenye chembe nyekundu, ambako kupe wengine wangevichukua. Kwa sababu hiyo ndigana ya nyati kwa kawaida haihami kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Mitamba waliokufa si hatari kubwa kwa wenzao zizini. Hatari ni yale malisho.

Afrika Kusini wana ushahidi mzuri wa hili. Ndigana kali iliingia kusini mwa Afrika mnamo 1901 na 1902, pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki kupitia bandari ya Beira, baada ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, kufagia mifugo ya kule. Kwa kuogesha kila baada ya siku chache, kuzuia mifugo kuhamahama na kuchinja makundi yaliyoambukizwa, Afrika Kusini iliufuta ugonjwa huo kwa ng'ombe katika miaka ya 1950. Ila ndigana ya nyati haikufutika. Bado ipo pale penye nyati, na ilipewa jina la ushoroba uliokuwa kati ya hifadhi za Hluhluwe na Umfolozi, ambako ng'ombe walikufa baada ya kulishwa kwenye ardhi ya nyati.

Sasa, chanjo uliyoitumia. Si chanjo ya kimelea kilichouawa wala kilichodhoofishwa. Ng'ombe huchomwa vimelea hai vilivyokamuliwa kutoka kwa kupe na kuhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na wakati huohuo huchomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili maambukizi yawe mepesi na mwili upate nafasi ya kujifunza kupigana. Njia hiyo ilibuniwa Muguga, karibu na Nairobi, katika utafiti wa miaka ya 1960 na 1970, na inaunganisha makundi matatu ya vimelea: la Muguga, la Kiambu, na jingine lililotolewa kwa nyati wa Serengeti kisha likapitishwa kwa ng'ombe mara kadhaa hadi likabadilika tabia. Hilo la tatu ndilo lililotarajiwa kuwakilisha upande wa nyati. Lakini vinasaba vyake vilipokuja kusomwa, ilionekana kwamba linakaribiana mno na lile la Muguga, na kwa hiyo sehemu ya nyati katika chanjo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Majaribio ya kuwaweka ng'ombe waliochanjwa kwenye malisho yenye nyati nchini Kenya yalileta matokeo kama yako: wengi waliambukizwa vikali na kufa.

Sababu ni namna kinga yenyewe inavyofanya kazi. Kinga dhidi ya ndigana kali hutegemea seli za ulinzi zinazozitambua seli zilizovamiwa na kuziua, nazo huzitambua kwa alama maalumu za kimelea. Alama zikibadilika, seli hizo hazioni kitu. Vimelea vya nyati vina alama za aina nyingi mno, na chanjo haikumfundisha ng'ombe zote.

Je, urudie? Kwa ng'ombe ambao tayari wana hereni, hapana. Itakuwa kupoteza fedha. Aliyechanjwa sawasawa hubaki na kinga kwa muda mrefu, na kupe wa kawaida wanaoendelea kumuuma humkumbusha. Ndama wanaozaliwa uwachanje bila kusita, maana ndigana kali ya ng'ombe kwa ng'ombe ipo Karatu kama ilivyo kwingineko, na chanjo hii imeokoa ndama wengi sana wa wafugaji wa Ngorongoro, Monduli na Simanjiro, ambako kabla yake ndigana ilikuwa ikimaliza ndama kila mwaka. Mwombe tu afisa mifugo apime uzito kwa utepe badala ya kukisia kwa macho: oksitetrasaiklini ikiwa pungufu ndama ataugua kutokana na chanjo yenyewe. Kinga pia huhitaji wiki tatu hadi nne kujengeka, na katika muda huo ndama atazamwe kwa karibu.

Kuhusu kuogesha, mara moja kwa wiki haitoshi kwa ng'ombe wanaolishwa njia ya nyati wakati wa mvua. Rudia hesabu ya siku tatu hadi nne. Kupe aliyejishika siku moja baada ya kuogesha, kama dawa imeshaisha nguvu mwilini, atakuwa amemaliza kazi yake kabla ya wiki kutimia. Katika kipindi hicho ogesha mara mbili kwa wiki, na siku za katikati pakeni dawa ndani ya masikio kwa mkono, kwa kuwa huko ndiko kupe kahawia mzima anakokaa na huko ndiko bomba la kunyunyizia lisikofika vizuri. Ng'ombe mzima anahitaji lita 10 hivi za dawa iliyochanganywa ili alowe hadi ngozini. Ninaowaona wengi hutumia lita mbili au tatu, wakalowesha mgongo, ambako kupe hawapo, na kuacha masikio, chini ya mkia, kiwele na makwapa. Uwiano wa dawa na maji uwe ule ulioandikwa kwenye chupa. Anayepunguza dawa ili idumu anachagua kupe sugu kwa mikono yake mwenyewe, na ukitaka kujua mwisho wa njia hiyo waulize wafugaji wa maziwa wa kusini magharibi mwa Uganda, ambako kupe sugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa wamethibitishwa. Usichanganye makundi ya dawa za kupe, kama amitrazi na pairethroidi, kwenye bomba moja kwa kubahatisha, na usibadilishe dawa kila mwezi. Badilisha kundi la dawa pale tu inapoonekana wazi kwamba kupe hawafi ingawa umeogesha kama inavyotakiwa.

Hata hivyo, ukiniuliza mimi, pa kuanzia ni malisho kabla ya josho. Ukingo wa msitu usiutumie kabisa kwa chotara wakati wa mvua. Wafungie ndani, uwakatie majani kutoka mashambani, hata kama kazi ni kubwa. Mtamba mmoja chotara ana thamani kuliko msimu mzima wa kukata majani. Kama lazima ukingo ule utumike, utumike kiangazi, wakati kupe wazima ni wachache na waliopo wengi ni kupe vijana, ambao kwa kawaida hubeba vimelea vichache zaidi. Sisemi ni salama, nasema hatari ni ndogo zaidi. Wala usikate majani kule kwenye ukingo na kuwaletea zizini, maana kupe watakuja na mzigo.

Upande wa tiba, kosa lililowaua mitamba wako ni la kawaida sana, na wala siwezi kukulaumu, kwa kuwa hata madukani watu hushauriwa hivyohivyo. OTC inaweza kuzuia ndigana kali ikichomwa siku ileile ya maambukizi, na ndiyo maana imo kwenye chanjo. Homa ikishapanda haitibu. Dawa inayotibu ni buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kila kilo, ambayo kwa ile ya miligramu 50 kwa mililita ni mililita moja kwa kila kilo 20, kwenye msuli wa shingo, ikirudiwa baada ya siku mbili au tatu kama homa haijashuka. Inafanya kazi vizuri ikiwahi. Povu likishaonekana puani uwezekano wa kupona ni mdogo, hata daktari akiongeza dawa ya kupunguza maji mapafuni. Kwa hiyo katika majuma manne baada ya ng'ombe yeyote kupita njia ya nyati, papaseni mitoki ya chini ya sikio na ya mbele ya bega kila asubuhi wakati wa kukamua, na mpime joto kwa kipimajoto. Mtoki uliokua pamoja na joto la nyuzi 40 au zaidi vinatosha kumwita mtaalamu siku hiyohiyo. Maziwa na nyama ya aliyetibiwa visitumike hadi muda ulioandikwa kwenye dawa uishe.

Yule wa kienyeji aliyepona hakupona kwa bahati tu. Zebu, yaani ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, wa maeneo yenye ndigana huambukizwa wangali ndama na wengi hustahimili. Utafiti mmoja wa magharibi mwa Kenya, uliofuatilia ndama wa kienyeji 548 katika mwaka wao wa kwanza, ulionyesha jambo ambalo wengi hatukulitarajia: ndama waliokuwa na theileria nyingine zisizo na madhara makubwa, kama Theileria mutans na Theileria velifera, walikuwa na upungufu wa asilimia 89 wa vifo vinavyohusishwa na Theileria parva. Kimelea kipole kinaonekana kuuandaa mwili dhidi ya kikali. Kwa zebu wako, basi, kuwaogesha mfululizo tangu utotoni hadi wasimjue kupe hata mmoja si lazima kuwe faida. Lakini usiwaamini kupita kiasi mbele ya nyati, kwa kuwa vimelea vyake huwaua na zebu pia.

Umeuliza mbona wanyamapori hawaugui. Baadhi yao huugua. Nyati haugui kwa sababu ya mazoea hayo ya muda mrefu niliyoyataja. Pofu ana theileria yake, Theileria taurotragi, ambayo kwa ng'ombe huleta homa nyepesi, na mara chache huhusishwa na ule ugonjwa wa kizunguzungu ambao Wamaasai huuita ormilo; hata ndama wa pofu mwenyewe huweza kufa kupe wakimzidi. Swala wakubwa kama korongo na palahala wanajulikana kufa kwa theileria za aina yao, hasa ndama, na hasa wanapofugwa kwenye mashamba ya wanyamapori au wanapohamishiwa mahali pengine. Mnyama wa porini akifa hivyo, fisi humaliza ushahidi kabla ya asubuhi, na sisi tunabaki tukidhani kwamba porini hakuna ugonjwa.

Nyumbu msimhusishe na ndigana hata kidogo. Ugonjwa anaowapa ng'ombe wakati wa kuzaa, ule wa macho kuwa meupe na pua kutoa usaha, ni wa virusi. Hauletwi na kupe, josho haliuzuii na buparvakwoni haiutibu. Mbuzi na kondoo wako nao hawapati ndigana kali. Wao husumbuliwa na ugonjwa wa maji moyo, unaoletwa na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi, na kwa huo OTC ya mapema ndiyo dawa.

Mwisho, kabla hujamchoma huyo mwenye fizi nyeupe, mwambie afisa mifugo achukue tone la damu kutoka ncha ya sikio na kulipaka kwenye kioo, kikaushwe na kupelekwa kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Arusha. Akishachukua, mchomeni bila kungoja majibu.